Matope ya Pasaka

Pasaka ya mwaka 1968, magari 93 yaliondoka kwa zamu kushindana katika East African Safari. Yalikuwa yamesuguliwa yakang'aa, namba kubwa zimebandikwa milangoni, taa za ziada zimepangwa mbele kama macho ya buibui. Masika yalikuwa yamekolea. Siku chache baadaye, yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mengine 86 yalibaki njiani: haya yamekatika ekseli, yale yamezimika katikati ya mito iliyofurika, mengine yamegandamana na matope mpaka muda ulioruhusiwa ukapita.

Gari la kwanza kufika lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki, mzaliwa wa Poland aliyefanya Kenya kuwa kwao, pamoja na msoma ramani wake, Paddy Cliff. Anayefunua rekodi za nyuma hukutana na jambo la kumfanya asimame kidogo. Mwaka 1963 mvua ilikuwa kubwa vilevile. Yalianza magari 84, yakafika saba. Na aliyeshinda mwaka huo ni Nowicki yuleyule na Cliff yuleyule, kwa gari la aina ileile.

Mara moja inaweza kuitwa bahati. Mara mbili, katika miaka miwili mibaya kuliko yote, ni ujuzi. Watu hawa wawili walijua kitu ambacho wenye injini kubwa zaidi yao hawakukijua, na historia ya Safari Rally ni historia ya ujuzi huo: namna ulivyopatikana kwa gharama, ulivyopita kutoka kwa dereva hadi kwa fundi, na ulivyowashinda mabingwa wengi waliokuja wakidhani barabara ni barabara tu.

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa. Mwanzilishi, Eric Cecil, alikuwa mkazi wa Nairobi aliyependa magari lakini hakuona raha ya kuzunguka uwanja uleule mara mia. Yeye na binamu yake, Neil Vincent, waliona heri kuendesha kuvuka nchi. Wakapanga njia ya kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, wakaiita Coronation Safari, yaani Safari ya Kutawazwa.

Ni lazima kukumbuka mwaka huo ulikuwa mwaka gani. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na vita vya Mau Mau vilikuwa vinaendelea. Waliokaa nyuma ya usukani walikuwa walowezi na Waasia wachache wenye uwezo. Mwafrika alikuwa chini ya gari akifunga boliti, au kando ya barabara akitazama, au ameingia matopeni hadi magotini akisukuma. Ujuzi wa Safari ulianza kwa kugawanywa hivyo, na ilichukua miaka mingi kabla ya mgawanyo huo kuanza kuvunjika.

Kanuni za mwanzo zilikuwa nyepesi kueleweka. Gari lilipaswa kuwa lile linalouzwa dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei yake, si kwa ukubwa wa injini. Mwaka huo wa kwanza hapakuwa na mshindi wa jumla. Kila daraja lilikuwa na wake. Mwaka 1954 mshindi wa jumla akapatikana: Vic Preston na msoma ramani wake, D. P. Marwaha, wakiwa ndani ya Volkswagen Beetle, kigari chenye mgongo wa kobe na injini nyuma. Mkulima wa Nakuru au mfanyabiashara wa Moshi aliyekuwa akifikiria kununua gari alipata jibu ambalo hakuna tangazo lingeweza kumpa. Hili limefika, lile halikufika.

Hesabu ilikuwa ya muda. Njia iligawanywa vipande, kila kipande kikapewa dakika zake, na kila dakika ya kuchelewa kituoni iliandikwa kama alama ya adhabu. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na basi la abiria kwenye kona, lori la pamba, ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, na usiku akakutana na twiga. Mwendo ulikuwa wa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwa siku kadhaa, usingizi ukiibwa kwa dakika.

Kisha kulikuwa na matope, na hapo ndipo shule yenyewe ilipokuwa.

Mashindano yalipohamishiwa wikendi ya Pasaka, yaliangukia moja kwa moja kwenye masika. Aliyewahi kukwama kwenye udongo mweusi wa nyanda za Athi anajua kwamba udongo ule hautelezi tu, unashika. Gurudumu likizunguka linauokota, linaupandisha kwenye madigadi, unashindiliwa humo tabaka juu ya tabaka, mpaka gurudumu lenyewe linakosa nafasi ya kuzunguka. Injini inanguruma, klachi inanuka, gari halisogei. Dawa yake haipo kwenye pedali ya mafuta. Dawa ni kushuka na panga au kipande cha mti, kupiga magoti na kuukwangua udongo wote kwa mkono, gurudumu moja baada ya jingine, huku saa inakwenda.

Madereva wa Afrika Mashariki walibadilisha magari yao kulingana na walichojifunza. Ukitazama picha za magari ya miaka ya 1960 utaona mishikio miwili ya chuma kwenye buti na vibao vya kukanyagia juu ya bampa ya nyuma. Havikuwa mapambo. Gari lilipoanza kuteleza mlimani, msoma ramani aliruka nje, akapanda kwenye bampa, akashika mishikio na kurukaruka ili uzito wake ukandamize magurudumu ya nyuma yapate kushika. Gari likishapata mwendo, dereva hakuthubutu kusimama kumsubiri. Mwenzake aliendelea kuning'inia pale nyuma, akila matope usoni, mpaka juu ya kilima.

Mito nayo ilikuwa na somo lake. Dereva mgeni alipoona maji aliongeza mwendo, akitaka kuvuka kabla injini haijajua kilichotokea. Maji yaligonga feni, feni ikayatawanya juu ya plagi na waya, na injini ikazima katikati. Mwenyeji alisimama kwanza. Alishuka akaingia majini kwa miguu kupima kina na kuhisi kama chini kuna mawe au mchanga. Wengine walivua mkanda wa feni ili feni isizunguke kabisa. Kisha aliingia polepole kwa gia ya kwanza, akashikilia mafuta bila kulegeza, bila kubadili gia, mpaka ng'ambo. Alipotoka alikanyaga breki taratibu mita kadhaa ili zikauke, maana breki zilizolowa hazishiki, na mteremko unaofuata haungojei.

Na palipokuwa na ukame, barabara ya changarawe ilikunjamana kama bati. Mtetemeko wake ulilegeza nati moja moja, ukapasua bomba la breki, ukavunja springi, ukatoboa rejeta. Mawe yalipiga uvungu wa gari, na jiwe moja lenye ncha kwenye kasha la oili lilitosha kuua injini ndani ya dakika chache. Ndiyo maana magari ya Safari yalivalishwa bamba nene la chuma uvunguni, na ndiyo maana fundi mzuri, gari lilipoingia kituoni, hakuanza na injini. Alianza kwa kulala chini na kurunzi, akigusa kila nati kwa kidole.

Wanavijiji walikuwa jeki ya mwisho. Pale spana na kamba ziliposhindwa, vijana walikata matawi wakayalaza chini ya magurudumu, wakasukuma kwa sauti moja. Hakuna gari hata moja kati ya yale saba ya 1968 ambalo lingedai lilifika kwa nguvu ya injini yake peke yake.

Wageni walijaribu. Erik Carlsson, Mswidi aliyekuwa ameshinda mbio kubwa Ulaya, alikuja na Saab ndogo, na mwaka 1964 alikwama kwenye shimo la matope. Yeye na mwenzake Gunnar Palm walilipindua gari lao ubavu kwa mgongo mpaka likatoka shimoni, wakaendelea na safari. Waandishi wa habari hawakuamini, basi akalipindua tena mbele yao kwa mikono. Alimaliza wa pili. Ushindi ulibaki kwa madereva wa hapa, mwaka baada ya mwaka: Bill Fritschy na John Manussis kwa Mercedes, Tommy Fjastad kwa Volkswagen, Peter Hughes kwa Ford Cortina, na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, aliyeshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404.

Lakini anayetaka kuielewa Safari kwa undani amtazame Joginder Singh.

Alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa fundi. Baba yake alikuwa na gereji Nairobi, na Joginder alijifunzia humo, mikono ikiwa na oili kabla hajajua kuendesha kwa kasi. Baadaye chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kilimwajiri kuwa mtu wake wa kwanza wa doria. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia waliokwama. Tafakari shule ya namna hiyo. Kila siku mtu huyu alikutana na gari la mwingine lililokufa, na kila siku alilazimika kujua lilikufa kwa nini, kisha kulifufua kwa vifaa vilivyomo kwenye sanduku lake. Alipoanza Safari mwaka 1959, alikuwa ameshayaona makosa ya mamia ya madereva.

Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant waliingia na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya hata kidogo. Timu ya Volvo ilikuwa imeitumia kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Gari lililokwisha kupigwa na mbio hizo mara moja, wengi wangelikwepa. Ndugu hawa walilifungua, wakalifunga upya, wakijua kila kilichokuwa kimechoka. Kura iliwapa namba moja, kwa hiyo waliondoka wa kwanza, kabla magari mengine hayajaikoroga njia. Walishinda kwa tofauti ya dakika 100, na kwa mara ya kwanza gari lililoshinda lilikuwa na Wakenya wenye asili ya Asia katika viti vyote viwili.

Alishinda tena 1974 na 1976, safari zote mbili kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuja na Porsche 911 yenye kasi ambayo Lancer haikuwa nayo, akamaliza wa pili. Watu walimwita Joginder Simba wa Kenya. Alifariki London mwaka 2013, na katika sifa zake zote, moja inazidi ushindi wake mara tatu: aliingia Safari mara 22, akafika mwisho mara 19. Katika mashindano ambayo kufika ilikuwa habari kubwa, hesabu hiyo ni ya fundi kabla ya kuwa ya dereva.

Viwanda viliisoma Safari kwa makini kama wakulima walivyoisoma. Nissan walileta magari yao ya Datsun mwaka 1963, wakapigwa. Hawakukata tamaa. Walirudi wakiangalia kilichovunjika na kukiimarisha, mpaka Edgar Herrmann akawapa ushindi mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS, na tena 1971 kwa 240Z. Huko Japani Safari ilikuwa imeshakuwa habari kubwa kiasi cha kutengenezewa filamu mwaka 1969, Safari 5000, akiigiza nyota Yujiro Ishihara. Na hapa kwetu, mtu aliyenunua pikapu ya Datsun kubebea maziwa, au Pijo ya kubebea abiria wa masafa marefu, alikuwa akinunua gari ambalo alishasikia redioni likitajwa kwamba limefika.

Mgeni wa kwanza kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, kwa Ford Escort, akiwa na Gunnar Palm, yuleyule aliyepindua Saab miaka minane kabla. Haikuwa ajabu. Palm alishayala matope ya Safari, na wote wawili walikuwa wameshashinda mbio ndefu za kutoka London hadi Mexico mwaka 1970. Walikuja wakijua kwamba hapa mtu haendeshi dhidi ya mwenzake. Anaendesha dhidi ya ardhi.

Mwaka uliofuata Safari iliingizwa katika ubingwa wa dunia wa mbio za magari, na ushindi ulirudi nyumbani kwa namna isiyosahaulika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa amepoteza nchi yake mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia. Pasaka iliyofuata, akiwa na Datsun 240Z, alimaliza akiwa na alama sawasawa na Harry Källström wa Uswidi, naye akiwa na Datsun. Waamuzi walirudi kwenye karatasi wakaangalia nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu. Alikuwa Mehta.

Kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, pamoja na Mike Doughty. Hakuna mwingine aliyewahi kushinda Safari mara tano ikiwa katika ubingwa wa dunia. Magari yake, Datsun 160J na Violet GT, yalikuwa ya kawaida, yanaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, hayana kitu cha kustaajabisha chini ya boneti. Mwaka 1979 Mercedes walikuja na magari makubwa ya 450 SLC, na Mikkola akiwa ndani ya moja. Alimaliza nyuma ya Mehta.

Wakati huo mashindano yenyewe yalikuwa yamepungua kimwili. Kufikia 1975 Safari ilikuwa imebaki Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Milima ya Usambara na miinuko ya Mbulu, iliyokuwa imevunja magari mengi, ilibaki kwenye simulizi za wazee. Hasara hiyo haizungumzwi vya kutosha. Kwa miaka mingi, mtoto wa Korogwe, wa Tororo na wa Voi walikuwa wakisubiri magari yaleyale, kwenye vumbi lilelile.

Miaka ya 1980 ilileta magari yenye turbo na ya kusukumwa na magurudumu yote manne. Peugeot 205 Turbo 16 ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1985 na 1986, lakini Safari haikuishinda hata mara moja. Miaka hiyo Safari ilikwenda kwa Toyota Celica, iliyosukumwa na magurudumu mawili tu: Waldegård 1984, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986. Mwaka 1987 ndipo gari la kusukumwa na magurudumu yote manne liliposhinda kwa mara ya kwanza, Audi 200 ya Mikkola, sedani nzito na ndefu, inayofaa zaidi barabara ndefu kuliko kona za milimani Ulaya.

Mwafrika naye, kidogo kidogo, alitoka kwenye matope akaingia kwenye kiti cha dereva. Patrick Njiru wa Kenya ndiye jina linalokumbukwa zaidi. Mwaka 1993 Subaru walileta Vivio, kigari cha mjini chenye injini ya sentimita za ujazo 660 tu. Kimoja akapewa Colin McRae, kijana wa Uskoti ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia. McRae alikwenda nacho kwa kasi ya kutisha, akawachanganya wenye magari makubwa, mpaka miguu ya gari ikavunjika. Njiru alikuwa na kigari cha namna ileile. Alikisikiliza. Pale pa mawe alipunguza, pale pa wazi aliachia, akakileta mpaka mwisho na kushinda daraja lake.

Baada ya 2002, kwa sababu za fedha na maandalizi, Safari ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia. Ilirudi Juni 2021, baada ya korona kuahirisha marejeo ya 2020. Umbo lake lilikuwa limebadilika. Makao yalikuwa Naivasha, barabara za kushindania zimefungwa, vipande ni vifupi, na magari yanatengenezwa upya jioni na mafundi wenye vyumba vya vipuri. Mtu angeweza kudhani kwamba masomo ya Nowicki na Joginder yamepitwa na wakati.

Asubuhi ya Jumapili, siku ya mwisho, Thierry Neuville wa Ubelgiji alikuwa mbele kwa karibu dakika nzima. Katika mbio za siku hizi, zinazoamuliwa kwa sekunde, hiyo ni nafasi kubwa mno. Aliingia kwenye kipande cha Loldia, kando ya Ziwa Naivasha, juu ya mawe na vumbi jepesi kama unga. Shokomzoba ya nyuma kulia ikavunjika, na gari halikuweza kuendelea. Takamoto Katsuta wa Japani akarithi uongozi, lakini Sébastien Ogier akampita na kushinda, Katsuta wa pili. Nyuma yao Wakenya watatu walikuwa wakija bila haraka isiyo na maana, wakiyapisha mawe waliyoyajua. Karan Patel alimaliza wa nane na Carl Tundo wa tisa. Mbele yao alikuwa Onkar Rai. Alifika wa saba, ndani ya Volkswagen.